Fanya Tu Nyumbani

Njeri mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia ukicheka na mdogo wako Omondi huko jikoni na mama yenu akiwaambia mpunguze kelele. Nimefunga duka saa tisa, jambo ambalo wateja wangu hawajawahi kuliona siku ya kazi, nikaketi hapa chumbani na daftari ninaloandikia oda za spea. Kesho unaenda Nakuru kuanza kazi. Mambo ya funguo, gesi na majirani mama yako amekueleza tangu Jumatatu, na mimi sina la kuongeza hapo. Nina neno moja tu ninalotaka kulirudisha.

Leo mchana tukila uliniuliza swali dogo. Ulisema karibu na ofisi yenu mpya kuna jim, na hujui kama ujiunge nayo au uendelee kufanya mazoezi chumbani kwako kama ulivyozoea chuoni. Nilikuwa nikikata ugali. Nikakujibu bila hata kuinua macho, "Fanya tu nyumbani." Ukasema sawa Baba, na mazungumzo yakaenda kwingine. Hukuona kwamba mama yako aliacha kutafuna. Alinitazama kidogo, bila hasira, kisha akaendelea kula.

Maneno hayo matatu niliwahi kumwambia yeye. Ulikuwa darasa la sita. Mengine ya wakati ule unayakumbuka, mengine tulikuficha, na moja nilimficha hata yeye kwa miezi mingi.

Wakati huo nilikuwa nimenenepa, tena si unene wa kusifiwa. Kazi ya kuuza spea za tuktuk ni kazi ya kukaa. Unakaa kwenye stuli, unanyoosha mkono kwenye rafu, unakaa tena. Daktari mmoja mjini alinipima presha mara mbili, akanipima ya tatu kama mtu asiyeamini mashine yake, akaniambia nianze kutembea. Yeye alisema kutembea, mimi nikaamua jim, kwa sababu mwanamume wa miaka arobaini na mmoja akianza kutembea peke yake barabarani, kila anayemjua anamuuliza gari limeharibikia wapi.

Jim yenyewe ilikuwa orofa ya tatu katikati ya mji, vioo kila ukuta na muziki wa kupasua masikio. Wiki ya kwanza nilitapika kwenye ngazi. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa mwenyeji. Nilikuwa na raba mpya, glavu za kushikia vyuma, na ile fulana isiyo na mikono ambayo uliniomba nisiivae nikija shuleni kwenu.

Nilipapenda mahali pale, na kupapenda hakukuwa kosa. Presha ilishuka. Usingizi ulirudi. Kocha alikuwa kijana mwenye akili, akiona mgongo wako umepinda anakuja kuunyoosha kabla hujaumia. Tena palikuwa na watu. Ukikosa siku mbili, mtu anakuuliza ulikuwa wapi. Mimi najijua, peke yangu nisingefika hata wiki ya pili.

Lakini kule nilipata pia nafasi ya kuwa mtu mwingine. Nyumbani nilikuwa Baba Njeri, mtu wa karo na bomba lililoziba. Kule hakuna aliyejua kama nina bomba. Nikaanza kukaa hata baada ya kumaliza mazoezi, nikipiga gumzo na jamaa mmoja tuliyemwita Simu kwa sababu aliuza simu. Alikuwa na kicheko kikubwa na kifua kikubwa zaidi. Nikirudi nyumbani, wewe na Omondi mko kitandani.

Mama yako alikuwa amejifungua Omondi mwaka uliotangulia. Mwili wake ulikuwa umebadilika na magoti yalikuwa yakimsumbua, na mwalimu wa darasa la kwanza kama yeye hapati nafasi ya kukaa chini. Jumapili moja tukitoka kanisani akaniambia, "Baba Njeri, hata mimi nataka kuja huko jim. Siku mbili tu kwa wiki. Omondi nitamwachia jirani."

Nikamwambia, "Wewe fanya tu nyumbani."

Kisha nikampangia sababu. Mtoto bado ananyonya. Mji uko mbali na jioni magari hayasogei. Vyuma ni vizito. Sababu zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Akafanya nyumbani. Hapa huhitaji kusimuliwa, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukimhesabia. Mnasukuma makochi ukutani, anajifunga leso kiunoni, anachukua kamba ya nailoni niliyoileta kutoka dukani na kuruka. Mitungi miwili ya lita tano ndiyo iliyokuwa vyuma vyake. Mama wa fleti ya chini alipoanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio, mama yako akahamia kuruka juu ya godoro la Omondi ili asisikike. Sikuwahi kusikia akilalamika. Nami nikiingia nimelowa jasho la mjini, nikimkuta anakunja kamba, ninamuuliza, "Leo umeruka mpaka wapi? Umefika Sondu?" Mara ya kwanza alicheka. Baadaye akawa ananipita tu kwenda jikoni.

Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anatua vibaya. Alijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na simu haikuoni. Goti la kulia likavimba. Akalifunga kwa kitambaa chini ya rinda, akaenda shuleni, akarudi, akapika. Mimi niliyekuwa nikijua majina ya misuli yote ya kifua sikuona goti la mke wangu kwa wiki mbili. Wewe ndiwe uliyeniambia. Ulisimama mlangoni na sare ya shule, ukasema, "Baba, Mama anapanda ngazi kwa mkono."

Ulitaka kusema kwamba anajivuta kwa reli. Nilikuelewa. Na unajua nilifanya nini? Nilimwambia aache kuruka. Basi. Nikachukua mkoba wangu nikaenda mjini.

Sasa nije kwenye mgongo wangu, ambao nyinyi watoto mnaufanyia mzaha hadi leo. Nilikuambieni niliumia nikibeba sanduku la injini dukani. Si kweli. Niliumia jim, na niliumia kwa ujinga. Ilikuwa Alhamisi. Simu alikuwa ameinua chuma kizito kutoka chini, watu wakapiga makofi. Nikaongeza uzito ili nimpite. Kocha akaja, akaangalia, akaniambia kwa heshima, "Mzee, leo inatosha." Nikakubali kwa kichwa. Nikasubiri ageuke.

Mwanzoni sikusikia maumivu, nilisikia joto, kama mtu amenimwagia chai kiunoni. Nikakiweka chuma chini polepole, nikatabasamu, nikaaga. Nikaendesha gari hadi nyumbani nikiwa nimeuma meno, nikaegesha, na hapo nikagundua kwamba siwezi kutoka. Mguu wa kushoto haukuwa wangu tena. Nilikaa mle ndani ya gari nikimpigia mama yako simu na kuikata kabla haijaita, mara tatu au nne, kwa sababu sikujua nitamwambia nini. Mwishowe aliniona mwenyewe kutoka dirishani. Alishuka na lile goti lake, akamwita yule mama wa ufagio, wakanitoa wawili hao kama gunia.

Picha ilionyesha kwamba kitu kati ya pingili za mgongo kimesogea na kinabana mshipa wa mguu. Daktari akasema hakuna haja ya kupasuliwa, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo ni Madam Atieno, mama mfupi mwenye mikono ya seremala. Nilimuuliza kama ana mashine nzuri. Akaniambia mashine anazo, lakini mimi sizihitaji. Ninachohitaji ni mkeka, sakafu na mara mbili kila siku, nyumbani kwangu.

Mazoezi yenyewe, Njeri, yalikuwa ya aibu. Nipige magoti na kuweka mikono chini kama mtoto anayetambaa, ninyooshe mkono mmoja mbele na mguu mmoja nyuma, nihesabu kumi. Nilale chali niinue kiuno. Nilale kifudifudi niinue kichwa kama mjusi. Omondi alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, akadhani nimekuja duniani kwake kucheza, akanipanda mgongoni. Wewe ukacheka. Nikasimama kwa kushika ukuta, nikasema kuanzia siku hiyo nitafanyia chumbani.

Nikafunga mlango kwa ufunguo. Na humo chumbani, mwanangu, sikufanya. Nililala kitandani nikihesabu kwa sauti kubwa ili huko nje msikie. Moja, mbili, tatu, hadi kumi, napumzika, naanza tena. Wiki sita. Nikarudi kwa Madam Atieno na mama yako pembeni, akanibonyeza kiunoni kwa vidole viwili, akasema, "Mzee, huu mgongo haujafanya kazi yoyote." Hakuuliza. Alisema tu, akaosha mikono.

Tulipofika nyumbani, mama yako alichomoa ule ufunguo mlangoni akautia mfukoni, akatandika mkeka katikati ya sebule, akalala yeye mwenyewe upande mmoja. Wewe ulikuwa bado shuleni, na Omondi alikuwa amelala. Akagonga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Lala hapa."

Nikalala. Tukaanza pamoja, mimi kwa ajili ya mgongo, yeye kwa ajili ya goti, kwa sababu kumbe siku ileile alikuwa amemuuliza Madam Atieno afanye nini nalo. Tukiwa chali, macho juu darini, akaniuliza, "Kwa nini ulinikataza?"

Nikaanza na mtoto anayenyonya. "Hizo nilishazisikia," akasema.

Basi nikamwambia. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja jim, mnene, na suruali mpya ya mazoezi ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akapanda mashine ya kukimbilia. Simu akasema neno juu ya ile mashine, kama itavumilia, na sisi tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Yule mama alitusikia kwa sababu muziki ulikuwa umekatika kidogo. Alishuka taratibu, akapanguza mashine vizuri kama mtu aliyefundishwa adabu kwao, akachukua taulo lake. Hakurudi tena. Wiki mbili baadaye mama yako akaniomba twende naye. Pale sakafuni nikamwambia kwamba niliogopa watamcheka.

"Watanicheka mimi," akauliza, "au watakucheka wewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya tena. Nilikuwa nimeizoea. Lakini ukiwa chali sakafuni na huwezi kuamka bila kusaidiwa, uongo unakosa nguvu. "Mimi," nikasema.

Alimaliza mazoezi yake. Akainuka kwa kushika meza, akanipa mkono nikainuka, akaenda jikoni. Kwa siku tisa alifanya mazoezi yake chumbani na mimi yangu sebuleni. Tulisalimiana, tulikula, tulikuuliza wewe kuhusu shule. Ulikuwa mtoto mwerevu, nafikiri ulijua kuna jambo. Siku ya kumi akaniambia, "Jumanne nitaenda jim. Sikuombi."

Nikamwomba mimi. Nikamwomba aniruhusu nimsindikize. Akafikiri, akasema sawa.

Zile orofa tatu zilituchukua muda, yeye na goti, mimi na fimbo. Tulipofika juu Simu alikuwa palepale pa kila siku. Alinifurahia, akanishika mkono, kisha akamwona mama yako na raba zake za kuazima, na nikaona midomo yake ikianza kujipanga. Nilimfahamu, nilijua neno linakuja. Nikamwambia, "Huyu ni mke wangu. Akija hapa na mtu akamcheka, mimi ninajua kicheko hicho kinatoka wapi, kwa sababu nilikuwa nikicheka na wewe." Sikupaza sauti. Wawili watatu walisikia. Simu akatazama chini, akasema, "Karibu, Mama." Kusema kweli tangu siku hiyo alimheshimu, na mara nyingine alimwachia zamu ya mashine. Mimi alinisalimu kwa mbali. Nilistahili.

Mama yako hakuangalia hata mmoja wetu. Alienda moja kwa moja kwa kocha, akamwonyesha goti, akamwambia anataka kujua jinsi ya kuchuchumaa bila kuumia. Kocha akamtazama akichuchumaa mara moja tu, akaona kosa. Visigino vilikuwa vinainuka na magoti yanaingia ndani. Miezi mingi ya maumivu, na tiba yake ilikuwa jicho la mtu mmoja kwa dakika moja. Jicho hilo ndilo nililomnyima.

Mengine unayajua. Mama yako mpaka leo huenda Jumanne na Alhamisi, na walimu watatu wa shule yake wanamfuata kama vifaranga. Mimi sijarudi. Watu hufikiri naogopa vyuma. Siogopi, hata Madam Atieno alishaniruhusu. Ila nimegundua kwamba kufanya mazoezi mahali ambapo watu wananijua, huku watoto wakinicheka na mke akinikosoa, kunanifaa zaidi. Kule nilikuwa nikijificha kwa kuonekana. Mama yako naye angesukuma makochi yale ukutani miaka kumi, na goti lingeharibika kabisa, kwa kuwa mtu mwingine alimwamulia kwamba nyumbani ndipo mahali pake.

Kwa hiyo jibu langu la mchana nalirudisha. Sikuwa nimekusikiliza, nilikuwa nimerudia tu neno la zamani. Huenda chumba chako na kamba yako vitakutosha, wewe una bidii ambayo mimi sina. Huenda ukahitaji watu wa kukuuliza ulikuwa wapi, hasa mwezi wa kwanza katika mji usio na ndugu. Nenda ukaione hiyo jim. Ukiipenda, ingia, na ukimkuta mtu amepanda mashine na suruali yenye mikunjo, msalimie. Usipoipenda, rudi chumbani kwako ufungue pazia. Ninachokuomba ni kimoja. Siku ukichagua mahali, jiulize kama unapaendea au unakimbia pengine. Mimi nilichelewa kujiuliza, na aliyelipia ni goti la mtu mwingine.

Kuna jambo moja hukuliona kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho, na tulikubaliana tusikushtue. Ulipata habari kwamba Dani, nyanya yako mzaa mama, aliteleza kule nyumbani Kombewa, ukaambiwa ni kitu kidogo. Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumemtembelea, mvua imetoka kunyesha. Tulipofika uani hakujibu. Tukamkuta nyuma ya jikoni, ameketi kwenye matope na mguu mmoja umekunjwa chini yake, hana nguvu ya kuita tena. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Majirani wote walikuwa wameenda mazishini.

Nikainama kumbeba. Mgongo ukanionya, na siku hizi namsikiliza huyo bwana anaponionya. Nikabaki nimeinama, mikono imenyooka, sijui nifanye nini. Mama yako akaniambia, "Baba Njeri, shika mlango."

Akavua viatu. Akachuchumaa mbele ya mama yake, visigino vimekaa chini kwenye yale matope, akaizungusha ile mikono miembamba shingoni mwake, akavuta pumzi, akasimama. Hakuyumba. Alimbeba mpaka kitandani, akamvua nguo zilizolowa, akamfunika. Kisha akamchukua tena mpaka kwenye gari, na tulipofika hospitali alimshusha na kumfikisha kwenye benchi kabla muuguzi hajaleta kiti cha magurudumu. Nyonga haikuwa imevunjika, ilikuwa imepondeka tu. Dani alikuwa amemkazia macho muda wote huo. Akamwambia kwa Dholuo, polepole, "Nyathina, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikikubeba." Mama yako akamjibu, "Ndiyo, Mama. Sasa tulia."

Mimi nilifungua milango. Wa nyumba, wa gari, wa hospitali. Ndiyo kazi niliyopewa siku hiyo na niliifanya vizuri. Na nikiwa nimeushika ule wa mwisho, nikimwona akipita na mama yake kifuani, nilikumbuka kwamba kuna wakati niliona haya watu wa mjini wamwone mwanamke huyu.

Basi. Nasikia wanakuita uje kuonja chapati. Kesho asubuhi tutakusindikiza sote hadi stendi. Lile sanduku lako la vitabu, Njeri, usinipe mimi, na usimpe utingo. Mpe mama yako. Usimwambie ni zito. Mwache alibebe, nawe utembee nyuma yake umwangalie.

Mimi nitakuwa nimeshika mlango.

Baba yako